Agosti 7, 1998: Ishara Zilizopuuzwa na Uvumi Usiokwisha



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapendwa, makala hii imetokana na swali. Siku moja katika darasa la tarehe, kijana wa miaka kumi na minne aliinua mkono akasema: "Ustadhi, si kweli kwamba Wamarekani walijilipua wenyewe kule Nairobi ili wapate sababu ya kutupiga sisi?" Tukamuuliza amesikia wapi. Akajibu: "Nyumbani. Baba anasema kila mtu anajua." Wenzake kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa mwaka 1998.

Tulitaka kumjibu pale pale, kisha tukajizuia. Jibu la dakika mbili lingekuwa ni kumwambia amwache baba yake amwamini mwalimu, na hiyo si elimu. Elimu ni kumpa mtu habari pamoja na njia ya kuipima. Tukamwahidi kwamba tutaandika yote tunayoyajua: yaliyotokea, dalili zilizotangulia, maneno yanayozungushwa hadi leo, na kipi kimethibiti na kipi hakikuthibiti. Hii ndiyo ahadi yenyewe.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Sisi tulikuwa vijana wakati huo, na tulizisikia habari hizi redioni, katika idhaa za Kiswahili, hapa Nyamirambo. Tulikuwa tukijiandaa kwa swala ya Ijumaa.

Saa nne na nusu hivi za asubuhi, lori lililobeba bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Mlinzi alikataa kufungua kizuizi cha kuingilia maegesho. Mmoja wa waliokuwamo ndani ya lori akashuka akarusha guruneti la kishindo. Watu waliokuwa maofisini, katika majengo ya jirani, wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka, na vioo vikawarudia usoni. Ndiyo sababu watu wengi sana wa Nairobi walipofuka siku ile.

Jengo la jirani, Ufundi House, lililokuwa na chuo cha uhazili, liliporomoka lote. Vijana waliokuwa wakijifunza kupiga chapa wakafunikwa na zege. Mama mmoja alinasa chini ya kifusi, waokoaji wakawa wanazungumza naye kwa siku kadhaa, na alifariki kabla hawajamfikia.

Dakika chache tu baada ya mlipuko wa Nairobi, lori la pili lililipuka mbele ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Huko lori la maji la ubalozi lilikuwa limesimama langoni, likazuia gari la bomu lisikaribie jengo. Hilo lilipunguza maafa, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu.

Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuwemo Mmarekani hata mmoja. Waliojeruhiwa katika miji yote miwili walipita 4,500. Kwa hiyo wale waliosema wanaipiga Marekani, waliwaua zaidi ya Waafrika 200: makarani, walinzi, madereva, wapita njia, wanafunzi. Ukisoma orodha ya waliokufa Dar es Salaam, mengi ni majina ya Kiislamu, majina yale yale tunayowaita watoto wetu.

ISHARA ZILIZOTANGULIA

Sasa tuje kwenye swali la kwanza: je, kulikuwa na dalili? Ndiyo, zilikuwepo. Tutazipanga kwa miaka.

Ya kwanza, mwaka 1993. Mtu aitwaye Ali Mohamed, Mmisri aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la Misri na baadaye sajenti katika jeshi la Marekani, alifika Nairobi kuuchunguza ubalozi na kuupiga picha. Mwezi Oktoba 2000 alikiri mbele ya mahakama ya New York kwamba Osama bin Laden aliitazama picha ile akaonyesha kwa kidole mahali ambapo lori lingeweza kupita. Maana yake ni kwamba mpango ulikuwa umeanza kuchorwa karibu miaka mitano kabla. Na mtu huyu alikuwa akijulikana na maofisa wa usalama wa Marekani, ambao walizungumza naye mwaka huo huo wa 1993.

Ya pili, mwaka 1996. Tarehe 21 Mei mwaka huo, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Sisi watu wa nchi hizi za Maziwa Makuu tunaukumbuka msiba ule. Wachache wanajua kwamba ndani ya meli ile alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mkuu wa mambo ya kijeshi wa al-Qaeda. Wenzake kutoka Nairobi walikwenda ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Jemadari wa kundi lile alikuwa akisafiri pamoja na wafanyabiashara wa ndizi na akina mama wenye watoto mgongoni, wala hakuna aliyejiuliza alikuwa akifanya nini katika maji yetu. Mwaka huo huo Wamarekani walianza kusikiliza simu za kikundi kilichokuwa Nairobi.

Ya tatu, Agosti 1997. Polisi wa Kenya pamoja na maofisa wa Marekani waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage mjini Nairobi. Huyu alikuwa raia wa Marekani mwenye asili ya Lebanon, aliyewahi kuwa katibu wa Bin Laden, na mjini Nairobi alifahamika kama mtu wa shirika la misaada na biashara ya vito. Walichukua kompyuta. Ndani yake mlikuwa na barua ya Fazul Abdullah Mohammed, kijana kutoka Visiwa vya Ngazija, akieleza wasiwasi kwamba usalama wa kikundi chao cha Afrika Mashariki umo hatarini. Barua ile ilikuwa mikononi mwa wapelelezi mwaka mzima kabla ya milipuko. El-Hage aliondoka Kenya, akahojiwa New York, akaenda kuishi Texas. Fazul hakukamatwa.

Ya nne, Novemba 1997. Mmisri mmoja aliingia kwa miguu yake katika ubalozi wa Nairobi, akawaambia kwamba kuna watu wanaopanga kuulipua ubalozi kwa gari katika maegesho yake. Maneno yake yaliandikwa na kutumwa Washington. Lakini mtu huyo alikuwa na historia ya kupeleka habari zisizo za kweli katika balozi nyingine, hivyo taarifa ikaenda pamoja na tahadhari kwamba huenda ni uzushi. Ulinzi uliongezwa kwa muda, kisha mambo yakarudi kama kawaida.

Ya tano ni matamko ya hadharani. Tarehe 23 Februari 1998 Bin Laden na wenzake, akiwemo Ayman al-Zawahiri, walitoa tamko walilolipa sura ya fatwa, la kuhalalisha kuwaua Wamarekani, askari na raia, popote walipo. Mwanzoni mwa Agosti 1998, gazeti la al-Hayat la London lilichapisha tamko la kikundi cha Jihad cha Misri, likitishia kulipiza kisasi kwa sababu ya wenzao waliokamatwa Albania. Siku chache tu baadaye, mabomu yakalipuka.

Ya sita ni jengo lenyewe. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Beirut mwaka 1983, tume iliyoongozwa na Admeri Bobby Inman ilipendekeza mwaka 1985 kwamba balozi zijengwe mbali na barabara, kiasi cha mita 30. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa karibu kabisa na barabara mbili zenye msongamano. Balozi Prudence Bushnell alilalamika tangu alipofika mwaka 1996. Aliandika wizarani mara kwa mara, na mwezi Aprili 1998 akamwandikia barua Waziri wa Mambo ya Nje mwenyewe, Madeleine Albright. Majibu yalikuwa ni yale yale: fedha hazipo, na Nairobi haimo katika orodha ya miji ya hatari kubwa.

KWA NINI ZILIPUUZWA?

Mwanafunzi makini hapa atauliza: kama dalili sita zilikuwepo, iweje wasijue? Swali hili ni zuri, na tunawaomba mlifikirie kwa utulivu, maana ndipo mahali ambapo wengi huteleza.

Sisi leo tunazisoma dalili hizi zikiwa zimepangwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine, kwa sababu tunajua mwisho wake. Wao walizipata zimetawanyika: moja New York, nyingine Washington, nyingine katika kabati la ubalozi. Zilikuwa zimechanganyika na vitisho vingine vingi ambavyo havikutimia. Baada ya mvua kunyesha, kila mtu anakumbuka kwamba mawingu yalikuwa meusi.

Hata hivyo hilo haliwaondolei lawama. Marekani iliunda kamati za uchunguzi chini ya Admeri William Crowe, na ripoti yake ilitoka Januari 1999. Kamati ilisema haikuona taarifa ya kuaminika iliyotaja siku wala saa ya shambulio. Lakini ilisema pia kwamba serikali yao, kwa muda wa miaka kumi na zaidi, na chini ya marais na mabunge tofauti, ilishindwa kutoa fedha na kipaumbele cha kulinda balozi zake. Ilikuwa kosa la wengi kwa pamoja, wala hakupatikana mtu mmoja wa kubebeshwa.

Sisi tunaona sababu kubwa ni moja: dhana. Walidhani Afrika Mashariki ni mahali pa amani ambapo watu hao hupita tu. Walisahau hata bomu la Hoteli ya Norfolk, lililolipuka Nairobi mkesha wa mwaka mpya wa 1981. Waliokuwa na habari hawakuwa na fedha, na waliokuwa na fedha walikuwa wakitazama upande mwingine.

UVUMI NA HOJA ZAKE

Sasa tuje kwenye maneno ya mitaani. Tutayachukua moja moja bila ya kumdharau aliyeyasema.

Neno la kwanza: "Wamarekani walijua, ndiyo maana siku ile hawakuwepo." Hili ni uongo ulio wazi. Wamarekani 12 walikufa ndani ya ubalozi wa Nairobi. Balozi Bushnell mwenyewe alikuwa katika jengo la jirani la Benki ya Ushirika, akiwa na Waziri wa Biashara wa Kenya, naye alijeruhiwa kwa vioo akashushwa ngazi akivuja damu. Mtu aliyekuwa akiomba jengo jipya miaka miwili hawezi kuambiwa alikuwa akiusubiri mlipuko.

Neno la pili: "Walijua wakaacha makusudi." Hili lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayomponza mtu. Walijua kwamba kikundi kipo, walizisikiliza simu zake, na waliipekua nyumba yake. Hayo yamethibiti. Kwamba walijua siku na mahali kisha wakaacha watu wafe, hilo halikuthibiti, si mahakamani wala katika uchunguzi wowote. Kuzembea ni jambo moja na kukusudia ni jambo jingine. Katika fiqhi yetu anayeua kwa kukosea hahukumiwi sawa na anayeua kwa kukusudia. Iweje tuisahau tofauti hiyo tunapozungumzia watu tusiowapenda?

Habari ya Ali Mohamed ndiyo inayoipa nguvu dhana hii: askari wa Marekani anayewafundisha al-Qaeda! Ni kweli alikuwa hivyo, na ni aibu kwao. Lakini alikiri makosa yake mbele ya hakimu, na maelezo yake yanaonyesha mtu aliyewahadaa waajiri wake.

Neno la tatu: "Ni kazi ya Waisraeli." Hoja zinazotolewa ni mbili: kwamba waokoaji wa Israeli walifika haraka Nairobi, na kwamba jengo la ubalozi wa Dar es Salaam lilikuwa la Waisraeli zamani. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayathibitishi chochote. Waisraeli walikuja na wataalamu wa kufukua vifusi, na Wafaransa nao walikuja. Anayekuja na jembe kufukua hawi ndiye aliyezika. Kwa upande mwingine, baadhi ya waliokamatwa walikiri. Tarehe 29 Mei 2001 watu wanne walitiwa hatiani New York, na Oktoba mwaka huo wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kisha al-Qaeda wenyewe waliihesabu siku ile miongoni mwa "ushindi" wao. Anapojisifu mwenye tendo, sisi tunamkania kwa faida ya nani?

Neno la nne: "Kiwanda cha Khartoum hakikuwa cha silaha." Tarehe 20 Agosti 1998 Marekani ilirusha makombora kwenye kambi za Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa nchini Sudan, ikidai kinahusika na kemikali za sumu na kina uhusiano na Bin Laden. Hapa wenye shaka walikuwa na haki ya kushuku. Ushahidi uliotolewa, sampuli ya udongo, ulipingwa na wengi, na mwaka 1999 Marekani iliachia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia badala ya kujitetea mahakamani. Kiwanda kile kilikuwa kikitengeneza dawa za watu na mifugo katika nchi maskini. Tunalitaja hili ili mwanafunzi aelewe kwamba kupima habari si kuitetea Marekani. Mizani ni ile ile, na safari hii imeangukia upande wao.

UONGO ULIOTUGUSA SISI WENYEWE

Neno la tano hamlisikii sana mtaani, lakini sisi watu wa Rwanda hatuwezi kulipita. Bin Laden alitoa sababu mbalimbali za kushambulia balozi zile. Mara alisema ni kwa ajili ya Somalia. Mara alisema mpango wa kuigawa Sudan ulipikwa Nairobi. Na wafuasi wake aliwaambia kwamba mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipangwa ndani ya balozi zile mbili.

Ndugu zetu, sisi tuliishi hapa mwaka 1994. Tunajua mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipangwa na nani, orodha ziliandikwa wapi, na redio gani ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Tunawajua majirani waliobeba mapanga, na tunawajua Waislamu wa mitaa yetu waliowaficha watu darini na misikitini. Hatuhitaji mtu aliyekaa Afghanistan atusimulie.

Ni kweli Marekani ina lawama yake. Ilikataa kuleta msaada, na maofisa wake walikwepa hata kulitamka neno "kimbari" wakati watu wanakufa. Lakini tazameni jambo hili. Mwaka 1994 Prudence Bushnell alikuwa ofisa wa masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje huko Washington. Ndiye aliyekuwa akiwapigia simu makamanda wa jeshi la Rwanda, akiwemo Kanali Théoneste Bagosora, akiwataka wakomeshe mauaji. Hawakumsikiliza. Miaka minne baadaye mwanamke huyo huyo alikuwa Nairobi, uso umejaa damu, kwa bomu la watu waliodai kulipiza kisasi cha Rwanda.

Hapo ndipo tunapouona ubaya wa uvumi. Damu ya ndugu zetu iligeuzwa kisingizio cha kumwaga damu ya ndugu zetu wengine. Aliyebuni uongo ule hakutuuliza.

KWA NINI UVUMI HAUFI?

Tukisema tu kwamba watu ni wajinga, tutakuwa hatukutenda haki. Uvumi huu una mizizi. Baada ya Agosti 1998 Waislamu wengi wa Kenya na Tanzania walishukiwa kwa majina na mavazi yao. Nyumba zilipekuliwa, na watu wasio na hatia waliwekwa ndani. Kenya ilifuta usajili wa baadhi ya mashirika ya misaada ya Kiislamu, na yatima waliokuwa wakisaidiwa wakapata tabu kwa kosa wasilolijua. Baada ya Septemba 2001 mambo yakazidi. Mtu anayetuhumiwa kila siku kwa jambo asilolitenda hutamani kusikia kwamba hata aliyekamatwa hakulitenda. Kwa hiyo baba wa mwanafunzi wetu hasemi yale kwa sababu ni mwongo. Anasema kwa sababu ameumia.

Lakini jeraha halitibiwi kwa uongo. Tukiwaambia watoto kwamba hakuna Mwislamu anayeweza kufanya jambo kama lile, tutawaacha bila kinga siku atakapokuja mtu wa aina hiyo kuwasalimia kwa salamu yetu.

ISHARA ZILIZOPITA MIKONONI MWETU

Tumezungumza juu ya dalili zilizopuuzwa na Washington. Tuwe waadilifu tuzitaje na zilizotupita sisi.

Watu wale hawakushuka kutoka mawinguni. Mohamed Odeh alikuwa na biashara ya samaki Mombasa na alioa huko pwani. El-Hage alihudumu katika shirika la misaada. Khalfan Khamis Mohamed alikuwa kijana wa Zanzibar aliyefanya kazi katika duka la ndugu yake Dar es Salaam, akavutwa na mazungumzo ya wenzake wa msikitini kuhusu mateso ya Waislamu ng'ambo, akasafiri Afghanistan mwaka 1994, akarudi. Yeye ndiye aliyeikodi nyumba ya Ilala ambamo bomu lilitengenezwa, na kwa maelezo yake hakuambiwa litapelekwa wapi hadi siku chache kabla. Kijana aliyetaka kuwasaidia Waislamu akaishia kuwaua Waislamu wa mji wake mwenyewe.

Na Fazul, je? Baada ya 1998 alijificha katika kisiwa cha Pate, Lamu, kijiji cha Siyu, kwa jina jingine, akaoa huko, akawa anafundisha dini. Alikuwa mwalimu wa watoto, kama sisi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ikalipuliwa, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na yeye alikuwa miongoni mwa waliolipanga shambulio hilo. Aliuawa Mogadishu mwaka 2011. Sisi walimu wa madrasa kila tukiisoma habari hii hutuingia baridi. Wazazi walimkabidhi watoto kwa sababu alijua kusoma vizuri na alikuwa mpole.

Hatuwalaumu watu wa Siyu, maana nasi pengine tungempokea. Lakini tumejifunza. Katika madrasa yetu mwalimu mgeni huulizwa ametoka wapi, amesoma kwa nani, na nani anamjua. Mzazi ana haki ya kukaa nyuma ya darasa asikilize. Na mtu yeyote akimwambia mtoto "haya usiwaambie wazazi wako", basi hiyo ndiyo ishara, wala isingoje kamati.

TUWAFUNDISHE NINI WATOTO WETU?

Qur'ani Tukufu katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Katika Suratul-Maida, aya ya 8, tunaamrishwa kwamba chuki yetu kwa watu isitufanye tuache uadilifu, na katika aya ya 32 ya sura hiyo hiyo tunafundishwa uzito wa kuiua nafsi moja isiyo na hatia. Na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na mtu anayesimulia kila anachokisikia.

Kwa hiyo mwanafunzi anaposikia neno lolote kuhusu tukio kama hili, na ajiulize mambo matatu. Kwanza: aliyenisimulia alikuwepo, au amesikia kwa aliyesikia? Pili: ni kitu gani kingenifanya nikubali kwamba neno hili si kweli? Kama hakuna, basi hiyo ni shabiki, si elimu. Tatu: neno hili likiwa uongo, nani anadhulumika?

Kwa swali hili la tatu jibu letu ni moja. Wanaodhulumika kwanza ni waliokufa na waliobaki na vilema. Wakati sisi tunabishana nani alilipua, wapofu wa Nairobi wamezeeka. Mwaka 2020 Sudan ilikubaliana na Marekani kulipa dola milioni 335 kwa wahanga wa mashambulio, yakiwemo haya ya 1998, kwa sababu iliwahi kumhifadhi Bin Laden. Fedha zile ziliwahusu Wamarekani na waliokuwa wafanyakazi wa balozi. Wakenya wa kawaida waliokuwa wakipita barabarani, au waliokuwa darasani Ufundi House, waliachwa nje. Hilo ndilo jambo la kulizungumza vibarazani, maana lina haki za watu ndani yake.

MWISHO

Makala hii tulimsomea kwanza yule kijana aliyeuliza. Akaomba nakala ampelekee baba yake. Baada ya siku tatu akarudi na salamu: "Baba anasema amesoma yote. Anasema la Wamarekani kujilipua ameliacha. Lakini la kiwanda cha Khartoum bado hajaridhika nalo."

Tukamwambia amfikishie baba yake salamu zetu, na amwambie kwamba hilo hata sisi hatujaridhika nalo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliokufa siku ile bila hatia, awape subira waliojeruhiwa, awalinde watoto wetu na kila mwenye kuwavuta kwenye maangamizi, na atuonyeshe haki tuifuate.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.